Nani Anastahili Cooperstown? Mwongozo wa Kujinusuru

Mwongozo huu ni wa Mswahili aliyejikuta Marekani kati ya mwisho wa Novemba na mwisho wa Januari, hajui lolote kuhusu besiboli, na mbele yake wameketi watu wawili wanaojua kila kitu. Huenda umekwenda Minnesota kusoma. Huenda unafanya zamu za usiku katika hospitali ya Boston, au umeoa Ohio na leo ndiyo mara yako ya kwanza kula mezani kwa wakwe. Nje theluji imefunga njia, na mchezo wenyewe haupo hadi majira ya kuchipua. Ndipo baba mkwe anapoweka uma chini na kuuliza, kwa upole kabisa, "Hivi mwaka huu ungempigia nani kura?"

Yeye hana kura. Hakuna mwenye kura katika nyumba ile, wala katika mtaa ule. Hilo halijawahi kumzuia mtu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yako ni hii: utaombwa uamue. Wabishani hawa wameshindana miaka mingi na kila mmoja anayajua majibu ya mwenzake kwa moyo. Wanachokosa ni hakimu asiye na upande, na wewe umeingia ukiwa huna upande, huna habari, na umeshapewa chakula. Soma yafuatayo kabla hujafungua kinywa.

Kwanza, jua kinachogombewa

Kinachogombewa ni nafasi ya ukutani. Jumba la Magwiji wa Besiboli liko Cooperstown, mji wa wakazi wasiofika 2,000 katika jimbo la New York, mbali na jiji lenye jina hilo. Ndani yake kuna ukumbi wa mabamba ya shaba, na kila bamba lina sura ya mtu, kofia yake na mistari michache ya sifa. Waliowahi kucheza ligi kuu wanapita 20,000. Waliomo jumbani ni zaidi ya 350 tu, ukihesabu makocha, waamuzi na viongozi.

Kwa nini Cooperstown? Kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 20 tume moja ilitangaza kwamba mchezo huo ulibuniwa pale mwaka 1839 na Abner Doubleday. Wanahistoria wameshaikataa habari hiyo: mwaka huo Doubleday alikuwa mwanafunzi katika chuo cha kijeshi cha West Point, na hakuna mahali alipodai kubuni chochote cha namna hiyo. Aliyesimamia kujengwa kwa jumba ni Stephen Clark, mrithi wa utajiri wa cherehani za Singer, zile zile zinazolia barazani kwa fundi wako. Mlango ulifunguliwa Juni 1939, kuadhimisha miaka 100 ya tukio ambalo halikutokea. Doubleday mwenyewe hajachaguliwa mpaka leo, na huenda ndiyo kura pekee ambayo pande zote zinakubaliana nayo.

Sheria, kwa kiasi cha kukutosha

Wapiga kura ni waandishi wa habari waliodumu miaka 10 mfululizo katika chama cha waandishi wa besiboli. Mchezaji huletwa mbele yao akiwa amecheza misimu isiyopungua 10 na amestaafu kwa miaka 5. Kila mwandishi huruhusiwa kutaja majina yasiyozidi 10. Anayepata asilimia 75 ameingia. Anayekosa hata asilimia 5 anafutwa moja kwa moja. Wa katikati hurudishwa mwaka unaofuata, hadi miaka 10 imalizike. Baada ya hapo hubaki mlango wa uani: kamati ya watu 16, mchanganyiko wa magwiji wenyewe, wakubwa wa timu na waandishi, ambayo inaweza kumwingiza aliyekataliwa mbele.

Sheria inataka kura izingatie rekodi ya mchezaji, uwezo wake, uadilifu, uanamichezo, tabia na mchango wake kwa timu. Imeishia hapo. Haisemi rekodi kubwa kiasi gani, wala tabia njema mpaka wapi.

Hapa ndipo ulipo ufunguo wa mabishano yote. Kwa kuwa kipimo hakikuandikwa, kipimo kimekuwa ni wale waliokwisha kuingia. Na waliokwisha kuingia hawatolewi. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo kila kosa la wapiga kura limechongwa katika shaba na kutundikwa ukutani, ambapo linasubiri mtu aje alitumie kama hoja.

Utakaowakuta mezani

*Mzee wa namba za duara.* Kwake uzito wa mtu unajulikana kwa namba tatu: mapigo salama 3,000, homurani 500 (homurani ni kuupiga mpira ukavuka uzio, na watu wa jukwaani wakaugombania), na kwa mrushaji, mechi 300 alizoshinda. Hana haja ya maelezo zaidi. Ukitaka kumtia jasho, mtajie Rafael Palmeiro, mwenye mapigo 3,020 na homurani 569. Mwaka 2005 Palmeiro aliliambia Bunge la Marekani, huku akinyoosha kidole, kwamba hajawahi kutumia dawa za misuli. Miezi michache baadaye vipimo vikamkamata, na mwaka 2014 jina lake likafutwa kwa kupata asilimia 4.4. Mzee atakuambia hiyo ni kesi ya pekee. Ngoja kidogo, zipo nyingine za pekee njiani.

*Kijana wa herufi tatu.* Simu haitoki mkononi. Herufi zenyewe ni WAR, hesabu inayokadiria timu ilipata ushindi kiasi gani wa ziada kwa kuwa na mchezaji huyu badala ya mtu wa akiba asiye na jina. Kijana hakumwona mchezaji anayemtetea, na kwa maoni yake hilo linamfanya shahidi bora. Atakutajia pia kipimo cha mwandishi Jay Jaffe, ambacho huchukua WAR ya maisha yote ya mchezaji, ikachanganywa na ya misimu yake 7 bora, halafu ikalinganishwa na wastani wa magwiji wa nafasi hiyo hiyo uwanjani. Tazama vizuri mwisho wa sentensi hiyo. Hata kompyuta, baada ya safari yake yote, imerudi kusimama mbele ya ukuta ule ule na kuuliza nani yumo.

*Aliyekuwapo.* Huyu hana takwimu, ana kumbukumbu. Ukiwa Minnesota, kumbukumbu yake ni mechi ya saba ya fainali ya mwaka 1991, usiku ambao Jack Morris wa Twins alirusha vipindi 10 bila kuruhusu hata pointi moja na timu yake ikashinda 1–0. Waandishi walimkataa Morris miaka 15, kwani wakati huo muda wa kusubiri ulikuwa mrefu zaidi, kisha kamati ikamwingiza mwaka 2018 kwa mlango wa uani. Wastani wake wa pointi alizoruhusu maishani ni 3.90, mbaya kuliko wa mrushaji mwingine yeyote aliyekuwamo siku alipoingia. Namba hiyo usiitamke mbele ya mtu aliyekuwapo. Ukilazimika, vaa viatu kwanza.

*Bawabu.* Yeye husema jumba ni la magwiji, si la wachezaji wazuri, na kama ingekuwa hiari yake wangebaki watu wasiojaza basi dogo. Ni mtu wa kufurahisha sana ukimwuliza angemtoa nani. Usimwulize wakati chakula bado hakijaondolewa mezani.

Silaha kubwa: "Kama fulani yumo"

Wote wanne, wakibanwa, hutumia silaha moja. Hakuna haja ya kuthibitisha kwamba mtu wako ni gwiji. Inatosha kumtafuta aliye chini yake ambaye ana bamba.

Silaha hii ilitiwa makali zamani. Kati ya 1967 na 1973 Frankie Frisch, gwiji wa kweli kwa kila kipimo, alikaa katika kamati ya wakongwe, na katika miaka hiyo kamati iliwaingiza kadhaa waliowahi kucheza naye New York na St. Louis, wakiwamo Jesse Haines na Chick Hafey. Watu waliosubiri nje wakachungulia, wakaona, wakafanya hesabu. Bill James, mtu aliyewafundisha Wamarekani kuusoma mchezo huu kwa takwimu, aliandika mwaka 1994 kitabu kizima kuhusu uchaguzi wa jumba hili, na kwenye neno "siasa" hakuogopa: limo katika jina la kitabu.

Kwa zama zetu jina la kukariri ni Harold Baines. Alikuwa mpigaji stadi aliyedumu misimu 22, mapigo 2,866, mtu mpole ambaye sijasikia akisemwa vibaya. Waandishi hawakuwahi kumpa zaidi ya asilimia 6.1, na mwaka 2011 akafutwa. Desemba 2018 kamati ya watu 16 ikampa kura 12, kiasi kile kile kinachohitajika bila hata moja ya kusaza. Miongoni mwa wanakamati walikuwamo aliyekuwa kocha wake na mwenye timu aliyoichezea. Tangu siku hiyo jina la Baines limefanya kazi kubwa kuliko gongo lake. Mtu yeyote aliyewahi kushika gongo kwa miaka 15 ana mtetezi anayeanza hivi: "Sasa kama Baines yumo…"

Ukisikia maneno hayo, tikisa kichwa polepole. Hayana jibu. Akishaingia huyo wa leo, kesho naye atakuwa ndiye fulani.

Mtu aliyestaafu anavyozidi kuwa bora

Usidhani mchezaji akistaafu rekodi yake imefungwa. Larry Walker alicheza miaka mingi Denver, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huubeba mpira mbali. Wapinzani walisema anasaidiwa na mlima. Mwaka 2014 alipata asilimia 10.2. Mwaka 2020, nafasi yake ya mwisho, akapata 76.6 na kuingia. Katikati ya miaka hiyo hakupiga mpira hata mmoja. Kilichobadilika ni wapiga kura: baadhi ya wazee waliondoka katika orodha, wakaingia vijana wenye hesabu za kupunguza faida ya mlima.

Kinyume chake pia hutokea. Kenny Lofton aliibia wapinzani vituo zaidi ya 600. Mwaka 2013, katika karatasi iliyosheheni majina makubwa, alipata asilimia 3.2 na kufutwa asubuhi ya kwanza. Mwaka huo huo waandishi hawakumwingiza mtu yeyote. Kwa hiyo kuna watu waliokataliwa kwa kuwa si wazuri, na wengine kwa kuwa foleni ilikuwa mbaya, na karatasi ya matokeo haionyeshi tofauti.

Kuhusu dawa

Lazima utaulizwa kuhusu Barry Bonds. Alipiga homurani 762, kuliko mwanadamu yeyote katika ligi kuu, 73 kati yake katika msimu mmoja wa 2001, na alitajwa mchezaji bora wa ligi mara 7. Roger Clemens, mrushaji, alishinda mechi 354 na tuzo 7 za mrushaji bora. Wote wawili waliandamwa na tuhuma za dawa, wote wawili walifikishwa mahakamani kwa yale waliyosema kuhusu tuhuma hizo, na wote wawili mwishowe walitoka bila hukumu juu yao. Mwaka 2022, nafasi ya kumi na ya mwisho, Bonds alipata asilimia 66.0 na Clemens 65.2. Desemba ya mwaka huo kamati ikawapa kila mmoja kura zisizofika nne.

Kuna majibu mawili tu, na yote yana mtego.

Ukisema waingizwe, utaambiwa umeua uadilifu. Ukisema wazuiwe, kijana wa herufi tatu atakufungulia mlolongo. Gaylord Perry aliurusha mpira uliopakwa mate na mafuta kinyume cha sheria, akaandika kitabu kuhusu jambo hilo akiwa bado anacheza, na ana bamba tangu 1991. Bud Selig, aliyekuwa mkuu wa ligi miaka yote ambayo dawa zilitamba, ana bamba tangu 2017. David Ortiz, ambaye magazeti yalimtaja katika orodha ya vipimo vya siri vya 2003 naye akakana kutumia dawa hizo kwa kujua, aliingia mara ya kwanza alipoletwa, mwaka ule ule waliofungiwa Bonds na Clemens. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: kila hoja ya tabia njema inagonga bamba la mtu aliyeingia bila kuulizwa tabia.

Jibu salama ni kuuliza swali: "Lakini hata kabla ya tuhuma hizo Bonds si alikuwa gwiji tayari?" Watabishana juu ya mwaka gani hasa tuhuma zilianza, nawe utapata nafasi ya kula.

Asiyependwa na mmoja

Utasikia pia ugomvi mdogo wa kila Januari: nani alimnyima kura mtu ambaye hapaswi kunyimwa. Babe Ruth, katika uchaguzi wa kwanza wa 1936, alikosa kura 11 kati ya 226. Willie Mays, mwaka 1979, alikosa 23. Derek Jeter alikosa moja mwaka 2020, Ichiro Suzuki moja mwaka 2025, na hao wanyimaji wawili hawajajitokeza. Mtu mmoja tu ndiye aliyepata kura zote: Mariano Rivera, mwaka 2019, 425 kwa 425. Kazi ya Rivera ilikuwa kuingia mwishoni na kurusha kipindi kimoja, mara nyingine viwili, mechi ikafungwa. Kwa hiyo mtu pekee ambaye taifa zima la waandishi limekubaliana juu yake ni yule aliyekuja kazini wenzake wanakaribia kwenda nyumbani. Ukiwa New York, sema hili kwa sauti ya chini.

Mahali ambapo utani unakaa kando

Lipo eneo moja ambalo silaha ya "kama fulani yumo" haifyatuki. Hadi 1947 wachezaji Weusi walizuiwa kucheza ligi kuu, wakacheza ligi zao. Josh Gibson, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote huko, alikufa Januari 1947. Jackie Robinson aliivunja mipaka ile Aprili ya mwaka huo huo. Gibson hakuwa na mapigo ya ligi kuu ya kulinganishwa na ya mtu, kwa sababu hakuruhusiwa kuingia uwanjani. Satchel Paige, mrushaji wa ligi hizo, alipochaguliwa 1971, mpango wa kwanza ulikuwa kuwaweka watu wa ligi hizo katika maonyesho yao ya kando. Malalamiko ndiyo yaliyowafikisha kwenye ukuta wa wote.

Mwaka 2006 kamati maalumu iliwaingiza watu 17 wa ligi hizo kwa mara moja, akiwamo Effa Manley, mwanamke wa kwanza jumbani. Buck O'Neil, mchezaji na kocha aliyezunguka nchi akiwasimulia watu habari zao, hakuwamo. Alipanda jukwaani Cooperstown akazungumza kwa niaba ya wale 17, na miezi michache baadaye akafa akiwa na miaka 94. Walimchagua Desemba 2021. Mwaka 2024 takwimu za ligi hizo zikaingizwa katika vitabu rasmi, na wastani wa upigaji wa Gibson, .372, ukampita Ty Cobb, aliyekuwa juu ya orodha kwa miaka mingi. Mezani, hapa usitoe mzaha wala usijitie ujuaji. Sikiliza tu. Mara nyingi hata bawabu hunyamaza.

Maneno ya kuepuka

Usiseme "Ni mchezo tu." Usipendekeze wote waingizwe, kwani utampoteza bawabu, wala usipendekeze lifungwe, kwani utawapoteza wengine watatu. Usiulize bamba la mchezaji aliyepita timu tatu litachorwa kofia ya timu gani, mpaka uwe umejiandaa kulala hapo. Usitaje kriketi.

Namna ya kuondoka salama

Ukibanwa kabisa utaje jina, taja Lou Whitaker.

Whitaker na Alan Trammell walianza ligi kuu siku moja, Septemba 1977, wakacheza bega kwa bega Detroit kwa takriban miaka 19. Trammell aliingizwa na kamati mwaka 2018. Whitaker aliletwa kwa waandishi mara moja tu, mwaka 2001, akapata asilimia 2.9 na kufutwa. Kijana atakwambia WAR ya Whitaker inapita ya Trammell. Aliyekuwapo atakumbuka alivyogeuka hewani kurusha mpira. Mzee atakubali ingawa hana namba ya duara. Bawabu ataguna, na kuguna kwake ni ndiyo. Na hoja yako itakuwa ile ile wanayoijua wote, safari hii bila aibu yoyote: kama Trammell yumo.

Utaonekana mtu mwenye busara. Pengine utaongezewa nyama. Lakini fahamu kwamba maafikiano ni hatari katika nyumba hizi, kwa sababu usiku bado mrefu na hakuna kilichobaki cha kugombania. Mtu ataangalia dari, atakohoa, na kuanza: "Sasa, Pete Rose…" Mapigo 4,256, mengi kuliko ya yeyote. Kufungiwa maisha mwaka 1989 kwa kucheza kamari. Kifo mwaka 2024. Uamuzi wa ligi wa Mei 2025 kwamba kifungo cha maisha kinaisha na maisha. Kamati itakayoweza kumjadili kukutana Desemba 2027.

Kwa hiyo koti lako liwe karibu na mlango tangu mwanzo. Na ukiwa umeshavaa kiatu kimoja, usimalizie cha pili ukiwa umekaa.